Jinsi ya kumfundisha rubani wa ndege ya kupulizia dawa kabla msimu wa kwelea kwelea haujaanza

Rubani mpya akifika kambini, kitu cha kwanza anachotaka kukuonyesha ni leseni na saa alizoruka, na ni haki yake maana amezisotea. Mimi namuuliza swali moja tu: nguzo ya umeme ukiiona kutoka juu, utajuaje waya unaelekea wapi? Wengi wananyamaza, na hapo ndo najua tutaanzia wapi.

Nimekaa upande wa ardhini kwenye kambi za kupulizia kwa misimu mingi, kwelea kwelea, wale ndege wadogo wanaokula nafaka, kwenye mpunga na mtama, mara nyingine ngano, halafu ikaja ile miaka ya nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, kila mtu ana haraka, simu haziishi, na nikaona kwa macho yangu jinsi haraka inavyowafanya watu wazuri kabisa waruke hatua. Nitakayoeleza hapa ndo ninavyopanga siku tano sita za mafunzo kabla ya msimu. Na naamini hivi: ajali ya hizi ndege mara nyingi inaamuliwa chini, kabla propela haijazunguka, kwa hiyo ukimfundisha rubani peke yake umefundisha nusu. Fundisha kambi nzima, mpaka dereva wa pikapu na yule kijana anayesukuma mapipa.

Siku ya kwanza maliza makaratasi. Kwa Tanzania mambo ya rubani na ndege ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mambo ya dawa ni TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyokuja na sheria ya 2020 ikachukua kazi za TPRI, na kwa Kenya ni KCAA kwa ndege na PCPB kwa dawa. Watu wanachanganya sana hizi pande mbili. Leseni ya kuruka haikupi ruhusa ya kumwaga sumu, na dawa kuwa imesajiliwa haikupi ruhusa ya kuruka futi 10 juu ya mpunga wa mtu, unahitaji zote mbili na zote ziwe hazijaisha muda. Cheti cha afya cha rubani kipo? Kibali cha ndege kufanya kazi ya kupulizia kipo? Dawa iliyopo stoo ndo ile ile iliyoandikwa kwenye kibali, jina na kiwango? Weka faili moja, picha zake ziwe kwenye simu za watu wawili, basi, usonge mbele.

Usisonge haraka kwenye lebo lakini. Lebo ya dawa ni sheria, sio tangazo la biashara, na namna nzuri ya kuifundisha ni kuisoma kwa sauti, watu wote wamekaa, kila mmoja anasoma kipande na kukieleza kwa Kiswahili chake: kiasi gani kwa hekta, nguo gani za kujikinga, umbali gani kutoka kwenye maji, watu wasirudi shambani mpaka baada ya muda gani, daktari aambiwe nini. Mpakiaji akishindwa kueleza kipande chake usimcheke, yeye ndo atakayeigusa ile dawa kuliko rubani.

Mtaala wenyewe hauhitaji kuubuni. Marekani wana sheria yao ya anga inaitwa Part 137, ni ya kazi hii tu ya kupulizia kwa ndege, na hata kama huku haitutawali, orodha ya mambo wanayompima mtu ni nzuri mno kuiba: kukagua eneo kabla ya kazi, kushika dawa na kutupa makopo yake kwa usalama, sumu inavyoathiri mwili, dalili zake na huduma ya kwanza, uwezo na mipaka ya ndege yako. Halafu angani wanataka kukuona ukipaa kwenye kiwanja kifupi na chenye udongo laini, ukiingia shambani, ukipita mstari wako wa kupulizia, ukivuta juu na kugeuka. Na ufanye hayo yote ndege ikiwa na uzito wake wa juu kabisa, sio tupu. Hiki kipengele cha mwisho ndo nakipenda, kwa sababu ndege tupu inamdanganya rubani.

Waya

Hapa mimi nakaa siku nzima na sioni kama nimezidisha. Asubuhi hatugusi ndege, tunachukua bodaboda na daftari, tunazunguka mashamba na vile vichaka ambavyo kwelea wanalala. Rubani ndo anachora, sio mimi. Kila nguzo, kila mnara wa simu, kila mti mrefu uliosimama peke yake, pampu, nyumba, mizinga ya nyuki, kisima, njia wanayopita watoto wa shule.

Sasa ile nguzo. Waya mwembamba huwezi kuuona kutoka kwenye ndege inayokwenda kasi, ondoa hilo wazo kichwani, unachotafuta ni nguzo na lugha yake. Angalia kile kipande cha mti au chuma kilicholala msalaba juu ya nguzo, waya unapita kukikata, sio kukifuata. Ukiona nguzo ina waya mnene unaoivuta mpaka chini ardhini, hapo laini inakata kona au inaishia au kuna tawi limetoka, simama ulitafute tawi. Ukiona transfoma ujue kuna waya unashuka kwenda kwenye nyumba au mashine ya kusaga, na huo ndo mbaya maana nguzo yake ya pili imejificha nyuma ya mwembe. Ukilazimika kuvuka laini, vuka juu ya nguzo kwa sababu nguzo unaiona. Chini ya waya hatupiti, hiyo haina mjadala kambini kwangu hata rubani awe na saa ngapi.

Na ramani ya mwaka jana itupe. Umeme wa REA umeingia vijijini kwa kasi sana hii miaka, ni neema kubwa kwa watu wetu, ila kwa rubani maana yake ni laini mpya mahali ambapo msimu uliopita palikuwa na mtama mtupu. Msimu mmoja kampuni niliyokuwa nafanya nayo ilitumia mchoro wa zamani, rubani akarudi na mstari mweusi kwenye mguu wa gurudumu, waya ulikuwa umemgusa tu ukaachia. Akashuka, akaushika ule mstari kwa kidole, akakaa chini kivulini, hakuongea mpaka jioni. Tangu siku ile mchoro wangu una tarehe na saini, na ukizidi siku 7 tunaurudia, na kabla ya kuanza kijiji chochote tunamuuliza mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji: kuna nguzo mpya zimechimbiwa? Maana nguzo zinasimama leo, waya unavutwa kesho wewe ukiwa hewani.

Kitu kingine ni jua. Nguzo uliyoiona vizuri ukienda mashariki hutaiona ukirudi magharibi jua likiwa machoni. Kwa hiyo mzoeshe rubani azunguke shamba akiwa juu, pande zote, kila mara kabla ya kushuka, hata kama alilipulizia jana. Waya usioujua unaua, na unaoujua unaua vile vile, uliuona asubuhi, umepita mistari 30, umechoka, umebakiza kile kipande cha mwisho cha kumalizia kichwa cha shamba, unakata kwa upande ambao siku nzima hukuutumia... Kile kipande cha kumalizia kifanyie mazoezi peke yake. Kabla ya kukiingia panda juu, zunguka, angalia upya kama vile ndo umefika.

Joto, mzigo na kugeuka

Chukua ubao ufanye hesabu hii mbele ya rubani na wapakiaji pamoja. Kiwanja kiko futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida joto la hapo lingekuwa nyuzi 5, kwa sababu usawa wa bahari ni 15 na unapunguza 2 kwa kila futi 1,000. Lakini saa nane mchana kipimajoto kinasoma 30. Umezidisha nyuzi 25. Kila nyuzi moja ni kama futi 120, kwa hiyo 25 mara 120 ni 3,000, na ndege yako haiko tena futi 5,000, inajiona iko 8,000. Hewa ni nyepesi, injini inapumua kwa shida, propela haikamati, bawa halibebi, na njia ya kurukia ni ile ile na miti ya mwisho ni ile ile. Mpakiaji akiielewa hii hesabu hatamjazia rubani lita za asubuhi saa nane mchana. Tunaandika kabisa kwenye ubao wa kambi: joto likifika hapa, mzigo unashuka mpaka hapa. Rubani anakubali akiwa ametulia asubuhi ili mchana asishawishiwe na mtu mwenye haraka.

Kugeuka nako ni hesabu. Kasi ya kustoli ni ile ambayo ukishuka chini yake bawa linaacha kubeba. Ukilaza ndege nyuzi 45 inapanda asilimia 19, ukilaza 60 inapanda asilimia 41 na ndege inajisikia ina uzito mara mbili. Sasa umetoka kwenye mstari, umevuta juu, kasi imeshuka, tenki bado limejaa, na unataka kurudi haraka maana kwelea wanaingia kichakani, hapo ndo mkono unalaza zaidi na kuvuta zaidi. Mwambie atoke mbali kidogo, aende upande wa chini wa upepo kwanza halafu ageuke kuupokea upepo, aache sekunde chache zipotee. Sekunde zinanunulika.

Mazoezi ya hewani tunafanya kwa maji. Ndege tupu kwanza, halafu robo, nusu, mwisho mzigo kamili, asubuhi na mapema hewa ikiwa nzito. Na kila mruko mmoja lazima amwage mzigo kwa dharura angalau mara moja, aupate mpini wa kumwagia bila kuutazama. Mzigo ukitoka ghafla pua ya ndege inataka kunyanyuka, asiyeijua hiyo hali itamshtua siku ya kweli. Wamarekani kwa kazi za juu ya makazi ya watu wanataka ndege iweze kumwaga nusu ya mzigo ndani ya sekunde 45. Mimi sitaki zile sekunde ziliwe na mtu anayetafuta mpini.

Hayo hayo maji yatumie kuonyesha dawa inavyopeperuka. Kuna karatasi za njano zinazogeuka bluu zikiguswa na tone, zipange kwenye vijiti kuvuka shamba na mbele zaidi, mpaka kule usikotaka dawa ifike, rubani apite, halafu mtembee pamoja mkazikusanye. Akishaona madoa ya bluu kwenye karatasi ya mita 200 nje ya shamba huhitaji kumhubiria. Mwonyeshe pia kwa nini nozeli, vile vidomo vya kutolea dawa, hazipangwi mpaka ncha ya bawa, kwa kawaida tunaishia robo tatu ya upana wa bawa, kwa sababu ncha inazungusha hewa kama kimbunga kidogo na kunyanyua matone kwenda yanakotaka.

Halafu hili la upepo. Watu wanadhani hewa ikitulia kabisa ndo vizuri. Hapana. Washa moshi, hata majani mabichi kwenye ndoo, uangalie. Moshi ukipanda kidogo halafu ukalala ukatandazika kama shuka, hewa ya chini imefunikwa na hewa ya joto, matone madogo yatabaki yanaelea pale na baadae yataingia kijijini kwa pamoja. Hapo hatupulizii. Kwa kunyunyiza kawaida tunataka upepo mwepesi unaojulikana unakokwenda. Kwa nzige na ile dawa ya mafuta ya matone madogo mno, mambo ni tofauti, miongozo ya FAO inataka upepo uwepo, angalau mita 2 kwa sekunde na usizidi 10, unaruka kuukata upepo ili ndo uisambaze dawa. Rubani aliyetoka kwenye ngano asidhani anaijua hiyo kazi, mfundishe upya.

Jioni ya kwelea

Kazi ya kwelea inafanyika pale ndege wanaporudi kulala, jua linazama, kundi linaingia kama wingu. Hii ni hatari ya aina yake. Kioo kinaweza kuchafuka au kupasuka kwa kugonga kwelea, jua liko machoni, na huku kwetu karibu na ikweta giza halibembelezi, jua likishazama una dakika 20 hivi za mwanga wa kufaa halafu imekwisha. Kwa hiyo saa ya kurudi inaandikwa kabla ya kuruka, kwenye ubao, kwa mfano magurudumu chini saa 12:45, na anayeisema kwenye redio ni mtu wa ardhini, sio rubani, kwa sababu yule aliye ndani ya kazi siku zote ataona bado kuna mstari mmoja. Nyuma ya kiwanja weka pikapu mbili taa zimewaka kuonyesha mwisho wa njia, lakini hizo ni za dharura, ratiba isizitegemee.

Na kuna watu. Kwelea ni kitoweo, Kondoa huko wanawatega kabisa na kuwala, hakuna ubaya wowote. Shida ni kwelea waliokufa kwa fenthion, ile sumu tunayowapulizia. Mtu anaamka alfajiri anakuta ndege wamelala chini bure, anajaza ndoo. Kutangaza kijijini siku mbili kabla, msikitini, kanisani, gulioni, kwa mtendaji, ni sehemu ya mafunzo na rubani lazima aende kwenye angalau mkutano mmoja ajibu maswali ya akina mama mwenyewe. Asubuhi inayofuata timu inarudi kukusanya mizoga na kuwazuia watu. Wafugaji wa nyuki wapewe muda wa kufunga au kuhamisha mizinga, na uandike nani aliambiwa na lini.

Sumu mwilini

Dawa nyingi za hizi kazi ni za jamii ya organofosfeti, zinazuia kimeng'enya kinaitwa kolinesterase ambacho kinatuliza mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kabla ya msimu, mtu akiwa amekaa angalau mwezi mmoja bila kugusa dawa, apimwe damu, kile ndo kipimo chake cha msingi, halafu apimwe tena katikati ya msimu. Sheria ya California inamtoa mtu kazini kimeng'enya cha kwenye chembe nyekundu kikishuka mpaka asilimia 70 ya kipimo chake cha mwanzo, nami natumia namba hiyo hiyo. Bila kipimo cha mwanzo huna cha kulinganisha, ndo maana nasisitiza kabla.

Dalili waziimbe: mate mengi, machozi, jasho, tumbo kukata, kutapika, kuharisha, misuli kuchezacheza, na mboni ya jicho kuwa ndogo kama kichwa cha pini. Kwa rubani hii mboni ni hatari peke yake, jioni haoni vizuri na anadhani ni uchovu. Akisema kichwa kinagonga na macho mazito, haruki, hata kama kundi liko kichakani. Na fenthion inaweza kuchelewa kujionyesha, usimwache mtu aende kulala peke yake kwa sababu "anajisikia nafuu".

Huduma ya kwanza: mtoe eneo la dawa, vua nguo zote, osha kwa sabuni na maji mengi mpaka kwenye nywele na chini ya kucha, peleka hospitali na lebo mkononi. Anayemwosha avae glavu. Maziwa sio dawa ya sumu hii, najua tumelelewa hivyo, bibi zetu walitupa, lakini hapa yanapoteza muda tu, na usimtapishe kwa nguvu. Dawa yenyewe ni atropini na iko kwa daktari, kwa hiyo wiki moja kabla ya msimu mtu aende hospitali ya karibu aulize kwa mdomo: atropini mnayo, ya kutosha watu wangapi, usiku nani anafungua stoo? Majibu yaandikwe kwenye mlango wa pikapu kwa kalamu isiyofutika, pamoja na namba ya simu.

Kwenye glavu kuna kosa moja dogo naliona kila mwaka. Ukifanya kazi mikono ikiwa chini, mkono wa ovaroli uwe nje ya glavu, dawa ikitiririka isiingie ndani. Ukifanya kazi mikono juu, kama kufikia mdomo wa tenki, glavu ndo iwe nje ya mkono wa ovaroli. Osha glavu ukiwa bado umezivaa, ndo uzivue. Na mpakiaji asikaribie ndege kwa mbele injini ikiwaka, anaingia kutoka nyuma ya bawa, baada ya rubani kumwangalia machoni na kumpa ishara.

Kabla ya kusaini kwamba mafunzo yameisha, fanya jaribio moja. Mpange mpakiaji mdogo kuliko wote kambini aseme "simama" kwenye redio bila sababu, rubani akiwa anajiandaa kuruka. Rubani akizima kwanza na kuuliza baadae, amefaulu. Akianza kubishana, rudi naye siku ya kwanza.

Na jioni ovaroli zifuliwe pale pale kambini kwenye beseni lake, maji yake yamwagwe kwenye shimo la taka za dawa, zianikwe kamba yake. Asitoke mtu nayo kwenda nyumbani ikafuliwe na nguo za watoto.